Kikohozi Tulichokizoea



Juma hili tulimpelekea mzee mmoja wa parokia yetu Mpako wa Wagonjwa. Kwa miezi mingi alikohoa, akanunua dawa dukani, akasema ni vumbi tu. Alipofika hospitalini, picha ilionyesha uvimbe mkubwa kifuani, umeuzunguka mshipa mkuu wa damu. Daktari hakuficha: kwa sasa kisu hakiwezi kupita pale. Itaanza tiba ya dawa na mionzi. Uvimbe ukipungua, upasuaji utafikiriwa upya. Mzee akatushika mkono: “Padre, wamenikatia tamaa?” Hatukuwa na jibu.

Usiku ule tulikumbuka habari ya matabibu wawili wa Marekani. Tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, Dakta Evarts Graham alimpasua tabibu mwenzake, James Gilmore, aliyekuwa na saratani ya pafu. Alikusudia kuondoa sehemu tu. Alipofungua kifua akakuta uvimbe umeenea kuliko alivyodhani, akaliondoa pafu lote la kushoto. Gilmore akapona, akaishi hadi mwaka 1963.

Graham alikuwa mvutaji sigara wa miaka mingi. Mwaka 1950, yeye na Ernst Wynder walichapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani hiyo. Mwaka 1957 ugonjwa huohuo ulibainika ndani yake, tayari umeshika mapafu yote mawili. Hapakuwa tena na cha kukata. Alifariki mwaka huohuo, akimwacha hai mgonjwa wake.

Kesho yake tulirudi kwa mzee. Tulimwambia kwamba daktari anayezuia kisu chake hajamwacha mgonjwa. Anakataa tu kumwumiza bure, na bado anatafuta njia nyingine. Mzee akatikisa kichwa, akaomba uji.

Lakini sisi hatukupata utulivu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mzee alificha, nasi tulimsaidia kuficha. Kila Jumapili tulimsikia akikohoa katika benchi la tatu, tukaendelea na mahubiri yetu. Hakuna aliyemwuliza, hakuna aliyejitolea kumsindikiza hospitalini.

Wapendwa, kikohozi kinachopita majuma matatu, au chenye damu, si cha kuzoea. Jumapili hii tumtazame jirani yetu benchini, tumwulize hali yake, tena tusubiri jibu.