Hofu Isiyo na Mwenyewe

Shemeji yangu anatafsiri riwaya za kutisha kutoka Kiingereza kwenda Kilituanya. Kazi anaifanyia mezani kwetu, hapa Kaunas, kwa sababu anadai kwake kuna kimya mno kwa kazi ya namna hiyo. Jumamosi moja ya Novemba, saa kumi na nusu jioni na nje giza limeshashika kama saa mbili usiku wa Tanga, akainua kichwa akaniuliza: kwenu neno 'creepy' mnalisemaje?

"La kutisha," nikamjibu.

Na 'scary'? La kutisha. Na 'horrible'? Nikanywa chai kwanza. La kutisha. Na 'terrifying'? "La kutisha sana," nikasema, na hapo akacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Mtu wa Tanga hakubali kuondoka mezani namna ile. Lakini kabla sijajitetea nikamwomba anihesabie ya kwao, naye akahesabu kwa vidole. Baisu ni kutisha kwa kila siku, kwa mtoto aliyezimiwa taa. Baugu ni woga mdogo usiotulia, wa kusikia mbao zikilia darini. Šiurpu huanzia kwenye ngozi. Kraupu huchafua tumbo. Klaiku ni ya ukimya uliopitiliza, ya nyumba iliyohamwa. Nyku ni ukiwa. La saba, nejauku, alilikalia muda mrefu. Jauku ni neno ambalo Walituanya hulisema kwa mapenzi: taa ya manjano, blanketi, chai, dirisha limefungwa na theluji iko upande wa pili. Neno hilo ni ndugu wa jaukinti, kumfuga mnyama akakuzoea. Ukitanguliza 'ne' unapata nyumba iliyokataa kufugika.

Wingi wa maneno haukunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba yote saba hayana mtendaji. Mlituanya akisema "man baisu", amesema kwamba kwake yeye, hapo alipo, kuna kutisha. Hajasema kinachomtisha ni nini, na sarufi haimdai aseme. Baridi nayo huisema kwa muundo uleule: man šalta, man baisu. Nchi ambayo Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni ina haki ya kuihesabu hofu pamoja na hali ya hewa.

Sisi hofu zetu zina miguu. Hofu humwingia mtu. Woga humshika, kiwewe humpata, wasiwasi humwandama, na huo wasiwasi wenyewe tuliupokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono wa shetani sikioni. Kisha mwili unatoa ushahidi: maini yanakatika, tumbo linapata joto, malaika yanasimama. Hapo ilinibidi nimweleze shemeji kwamba malaika hayo ni vile vinywele vyembamba vya mkononi, laika moja, malaika mengi, wala hayahusiani na wale wa mbinguni. Aliandika kwenye daftari. Wao wakisisimkwa husema wamepata ngozi ya bata bukini.

Najua, tuna "panatisha". Tuna hata "kunatisha" na "mnatisha", na kwa hesabu ya sarufi hapo tunawazidi. Lakini mwambie mtu wa pwani kwamba nyuma ya shule panatisha, usikie jibu lake: pana nini? Hakuachi. Pana nyoka, pana wahuni, au pana mbuyu wenye wenyewe? Mpaka umtaje mwenye kutisha, sentensi yako kwake haijaisha.

Ndiyo maana kitenzi chao kimoja kilinishinda kabisa. Vaidenasi. Shemeji alikuwa na sentensi ya Kiingereza kuhusu nyumba yenye mizimu, akaimaliza kwa maneno mawili: čia vaidenasi. Hapa panafanyika jambo la kizimu, na anayelifanya hatajwi. Kitenzi hichohicho ukikiweka kwa mtu, kinakuwa kuona mauzauza. Nilijaribu kuitia sentensi ile katika Kiswahili nikakwama mlangoni. Niandike mizimu? Mizimu ni ya ukoo, ina matambiko yake, na haihami kwenda kukaa nyumba ya Mwingereza. Majini? Jini ana kabila, ana dini, anataka ubani na halua, na mganga atakuuliza nani amemtuma. Nikiweka mzuka nimesogea kidogo, lakini msomaji wa kwetu bado anasubiri kuambiwa mzuka wa nani.

Ajabu ni kwamba hofu yenye mwenyewe, Walituanya wameigeuza kichekesho. Hapa Kaunas kuna jumba la makumbusho la mashetani, lililofunguliwa mwaka 1966 kutokana na mkusanyo wa mchoraji Antanas Žmuidzinavičius. Leo yamo mashetani zaidi ya 3,000: ya mbao, ya udongo, mengine yamegeuzwa viko na chupa. Nilimpeleka mwanangu nikihofia hatalala. Akacheka kutoka kabati la kwanza hadi la mwisho. Katika ngano zao velnias, yaani shetani, mara nyingi ni bwege anayepunjwa na wakulima, kama fisi wetu. Kwa hiyo anayeonekana na kutajwa jina hawamwogopi sana. Wanachoogopa ni chumba kitupu.

Tofauti hii utaisikia vizuri zaidi kwenye filamu. Televisheni ya hapa haibadilishi sauti za waigizaji. Mwanamume mmoja husoma tafsiri ya maneno ya wote juu ya sauti zao, wanawake, watoto na maiti waliofufuka. Anasoma bila kupandisha wala kushusha. Mwanamke anapiga mayowe, damu inashuka ukutani, na yeye anatamka "hapana, niache" kama anayesoma ratiba ya mabasi. Mwaka wa kwanza nilidhani ni uvivu. Mke wangu alinieleza kwamba msomaji mzuri ni yule unayemsahau. Akianza kuigiza, amekuziba usisikie chumba.

Nikamhadithia mke wangu banda la video la utotoni mwangu. Mabenchi, pazia jeusi, na msimuliaji mwenye kipaza sauti. Bingwa wa kazi hiyo Dar es Salaam alikuwa Lufufu, kapteni Derek Mukandala, ambaye kanda zake zilisambaa mbali; Wakenya wana DJ Afro. Wa kwetu hakuwa na jina kubwa, ila alijua kazi. Filamu ikinyamaza, yeye hanyamazi. Kamera ikitembea polepole kwenye korido tupu, pale ambapo Mmarekani ametumia fedha nyingi kununua ukimya, yeye anasema: "Huyo yupo nyuma ya mlango, dada, usiende, huyo ni marehemu mume wake." Huenda mume hakuwamo kabisa kwenye filamu. Banda zima linapiga kelele. Kwa miaka mingi nilimwona mharibifu wa kazi za watu. Siku hizi naona alikuwa akitafsiri: watazamaji wale walihitaji mwenyewe wa hofu, akawapa.

Kuna mahali tulikutana na shemeji bila shida. Prisibijoti yao, kuogopa kwa kiasi, kwa tahadhari, inakaribiana sana na kuchelea kwetu. Dievobaimingas na mcha Mungu ni mtu mmoja. Vijana wa huku wakipenda chakula husema kina utamu "baisiai", kwa kutisha, nasi uwanjani tunamwambia mfungaji "mwanangu, unatisha!" Na pande zote mbili kuna neno ambalo mtafsiri wa hadithi za mizimu haligusi. 'Terror' ya Kiingereza haiwezi kuwa teroras, kwa sababu Mlituanya akisikia teroras anawaza Juni 1941 na mabehewa yaliyobeba watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Siberia. Nasi hatuwezi kuweka ugaidi. Gaidi wa zamani alikuwa mnyang'anyi wa njiani. Baada ya milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam, neno limepata makaburi yake.

Lakini siku iliyonifurahisha ni ya 'nightmare'. Shemeji alikuwa ameandika košmaras, neno la Kifaransa lililozungukazunguka Ulaya mpaka likafika huku. Nikamuuliza kama hawana la kwao. Akafikiri, akasema lipo, slogutis, ila ni la bibi zake: kiumbe kinachokuja usiku kukukalia kifuani mpaka pumzi ikate. Jina lake lina udugu na kitenzi cha kugandamiza. Niliruka. Huyo ni jinamizi! Bibi yangu Muheza alikuwa akiamka asubuhi akisema jinamizi limemlalia, na sisi wajukuu tukalala chali kwa woga, kumbe kulala chali ndiko kunakoliita. Hata ile 'mare' ya Kiingereza, shemeji akanionyesha kwenye kamusi, si farasi jike kama nilivyodhani, ni mgandamizaji yuleyule. Watu wa bahari tatu wamekaliwa na mmoja.

"Basi weka slogutis," nikamwambia.

Akakataa. Mhusika wake ni mhasibu wa Chicago, akasema. Slogutis akimpanda mhasibu, msomaji atanusa majani makavu na maziwa ya ng'ombe. Akaiacha košmaras. Nilimwonea wivu na kumhurumia kwa pamoja, maana kwetu mhasibu wa Upanga anakabwa na jinamizi bila aibu yoyote.

Kitabu kilitoka masika haya. Nilichukua ukurasa mmoja, ule wa mwanamke anayerudi katika nyumba ya wazazi wake, nikautia Kiswahili kwa mkono wangu nikimtafutia nejauku mahali pa kukaa. Niliishia na "nyumba ilikuwa imemsahau". Nilijiona fundi. Nikamsomea mama kwa ujumbe wa sauti, ukurasa mzima, nikishusha sauti pale panapostahili.

Jibu lake lilikuja baada ya sala ya isha. "Mwanangu, nimesikia, umesoma vizuri. Sasa humo ndani mlikuwa na nani?"