Kuwatembeza Watoto Mjini Kampala

Kampala haikujengwa kwa ajili ya watoto. Haina pwani kama Dar es Salaam, wala mbuga ya wanyama mlangoni pake kama Nairobi. Bustani zilizo wazi kwa watu wote ni chache, njia za waenda kwa miguu zimebanwa na wachuuzi na pikipiki, na vilima vyake huwachosha hata watu wazima. Hata hivyo familia nyingi za askari walio katika kambi za mikoani hufika huko wakati wa likizo, ama kwa kuwa baba amepewa ruhusa, ama kwa kuwa wapo jamaa wa kuamkiwa, ama kwa kuwa mtoto mmoja ameitwa hospitali ya Mulago na ndugu zake wameandamana naye. Mzazi hujiuliza atawapeleka wapi. Jibu la haraka ni maduka makubwa yenye ngazi za umeme na aiskrimu. Jibu hilo si baya kwa saa moja. Siku mbili au tatu zinazobaki zastahili jambo lenye uzito zaidi.

Inafaa kuanza juu, mahali ambapo mji wote waonekana. Mahali hapo ni mnara wa Msikiti wa Taifa katika kilima cha Old Kampala. Yasimuliwa kwamba wafalme wa Buganda waliwaweka hapo swala wao, wale waitwao impala, na ndipo mji ulipopata jina lake. Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Lugard alifika akapiga kambi na kujenga ngome juu ya kilima hicho hicho. Msikiti wenyewe ulianzishwa zama za Idi Amin, kazi ikasimama kwa miaka mingi baada ya kuanguka kwake mwaka 1979, kisha ukamalizwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Wageni wa dini zote hukaribishwa nje ya nyakati za sala. Akina mama na wasichana huazimwa nguo za kujistiri mlangoni, na viatu huvuliwa.

Vipandio vya mnara hupita 300. Mtoto wa miaka 4 atabebwa kabla ya kufika nusu, na baba aliyezoea mchakamchaka ataona haya kuvuta pumzi mbele ya mwanawe. Lakini wafikapo juu, mji husomeka kama ramani. Wazee husema vilima vya Kampala ni 7, ingawa nyumba zimekwisha kupanda vilima vingine vingi. Namirembe ni kilima cha Waanglikana, Rubaga ni cha Wakatoliki, Kibuli ni cha Waislamu, Makerere ni cha wasomi. Kololo ndipo bendera ya Uganda huru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962. Mengo ni kilima cha Kabaka. Watoto wachague wenyewe kutoka huko juu ni kilima gani wangependa kwenda kesho yake. Mtoto aliyechagua njia hanung'uniki sana akiipanda.

Kilima kikishachaguliwa, kuna suala la kukifikia. Kituo Kikuu cha Kale cha taksi, ambazo kwingine huitwa matatu au daladala, ni bonde lililojaa magari meupe yenye mistari ya miraba ya buluu, na kelele za makondakta zinaweza kumpumbaza mtoto aliyezaliwa kambini, ambako kila mtu anamjua kila mtu. Kambini mtoto akipotea hurudishwa na jirani. Kampala ni vingine. Mama mwangalifu huandika nambari ya simu katika karatasi na kuishonea ndani ya mfuko wa kila mtoto, na kabla ya kushuka garini huwaambia wote mahali pa kukutana endapo watatengana. Pikipiki za bodaboda ni za haraka, lakini kumpakia mama na watoto wawili juu ya moja, bila kofia ngumu, ni kucheza na roho za watu. Tena isisahauliwe kwamba katika Uganda raia hana ruhusa ya kuvaa nguo za madoadoa ya kijeshi. Fulana iliyoshonwa kwa kumfurahisha mwana wa askari ibaki nyumbani. Mtoto hatajua kueleza, na baba ataona aibu kituoni.

Katika milango ya hoteli, maduka na makanisa makubwa, mikoba hupekuliwa na watu hupitishwa katika mashine. Watoto huuliza sababu. Waambiwe kwamba tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yaliwaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama mpira mahali pawili mjini humo, Kyadondo na Kabalagala.

Jumba la Makumbusho la Uganda, katika barabara ya Kira, lilianzishwa mwaka 1908, na jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 1954. Vijana hupita haraka mbele ya mawe na mifupa, nao wasilazimishwe. Watakaa penye ngoma, marimba, zeze na pembe, maana mkusanyo wa ala za muziki wa jumba hilo ni mzuri sana. Nje, nyuma ya jengo, zimesimamishwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Hapo familia ya askari ina jambo lake la pekee. Mtoto aliyezaliwa Mbarara, akaanza shule Moroto, na sasa yuko darasa la 6 Gulu kwa sababu ya uhamisho wa baba, aghalabu hajui kujibu akiulizwa kwao ni wapi. Atasema, "Kwetu ni kambini." Aingizwe katika nyumba inayofanana na ile ya babu yake, aonyeshwe moto ulikuwa wapi, mbuzi walilala wapi, bibi alihifadhi nini darini. Ni heri mzazi aseme hayo mwenyewe kuliko kumwachia mwongozaji.

Siku ya pili ni ya Mengo, na yafaa itengwe yote. Barabara iliyonyooka yaunganisha Bulange, jengo la baraza la Buganda, na Lubiri, yaani uwanja wa jumba la Kabaka. Katikati ya barabara hiyo kuna mzunguko wa magari wenye lango. Watu wote huzunguka, bali Kabaka hupita katikati moja kwa moja. Watoto wadogo hupendezwa na jambo hilo kuliko historia yote. Si mbali na hapo kuna ziwa la Kabaka, lililochimbwa kwa mikono katika miaka ya 1880 kwa amri ya Mwanga wa Pili.

Ndani ya Lubiri hali hubadilika. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Uganda lililishambulia jumba hilo kwa amri ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin. Kabaka Mutesa wa Pili, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta, akaponyoka na kukimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Uwanja wake ukageuzwa kambi. Baada ya Amin kutwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, ghala la silaha lililojengwa kwa saruji ubavuni mwa kilima lilifanywa gereza. Ni shimo refu lenye vyumba vya giza. Waongozaji husimulia kwamba njia ya kuingilia ilijazwa maji na kutiwa umeme ili mfungwa asiweze kutoka, nao huonyesha alama za mikono na maandishi ukutani.

Watoto walio chini ya miaka 10 wasiingizwe humo. Wabaki na mama yao chini ya miti, wale karanga. Lakini kijana wa miaka 14 au 15 aingie, na baba aingie pamoja naye, kwa sababu kijana atatoka na swali. Atauliza, "Baba, waliowafunga hawa watu walikuwa nani?"

Wapo wazazi wanaojibu kwamba walikuwa watu wabaya wa zamani, kisha wakaharakisha kwenda kununua soda. Wengine husema ni Amin. Majibu hayo hayamtoshi kijana anayesoma sekondari. Ajua ya kuwa mtu mmoja hawezi kuwafunga maelfu, na ya kuwa kila mlango ulikuwa na mlinzi mwenye ufunguo. Jibu la kweli ni fupi: walikuwa askari. Ni vigumu kulitamka kwa mtu ambaye mwenyewe amevaa sare miaka 20 na ambaye mwanawe amemtazama akiipiga pasi kila asubuhi. Lakini kijana yule akisikia kutoka kwa mwalimu, au kwa mwana wa jirani, kile ambacho baba alikificha, mara ya pili hatamwuliza baba.

Tena jibu hilo lina upande wa pili, ambao watoto wa kambini wana haki ya kuujua kuliko watoto wengine wote. Miongoni mwa watu wa kwanza kuuawa na utawala wa Amin walikuwamo askari. Mwaka 1971 wanajeshi wengi wa Kiacholi na Kilangi waliuawa na wenzao katika kambi za Jinja, Mbarara na kwingineko, wakiwa katika sare zile zile. Leo katika safu moja ya nyumba za askari huenda wakaishi wajukuu wa waliouawa na wajukuu wa waliotii amri. Baba aweza kumweleza mwanawe sheria inavyosema sasa. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 24, imekataza mateso; ibara ya 44 yasema kwamba katazo hilo haliondolewi kwa sababu yoyote; na ibara ya 221 imewaagiza wanajeshi na polisi kuheshimu haki za binadamu katika kazi zao. Sheria ya mwaka 2012 ya kuzuia mateso haikubali udhuru wa kuamriwa na mkubwa. Kijana mwerevu atauliza kama hayo hutimizwa kila mara, na baba atajibu kwa kadiri ya ayajuayo. Mazungumzo ya namna hiyo hayamalizwi Lubiri. Huendelea barabarani, na mara nyingine kwa miezi.

Suala la lugha lafungamana na hayo. Mtoto wa kambini huongea Kiswahili tangu alipoanza kusema, wala haoni kosa lolote. Sokoni Kampala atashangaa mama mzee akimtazama kwa ubaridi na kumjibu kwa Kiganda, ilhali ameelewa kila neno. Asikasirike. Kiswahili kililetwa kambini tangu enzi za King's African Rifles, na Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973; kwa hiyo wazee wengi wa mji huo walikisikia kwanza katika vizuizi vya barabarani, au mlango ulipogongwa usiku. Tangu mwaka 2005 Katiba imekifanya lugha rasmi ya pili, na vijana wa mjini hawakiogopi. Kwa wazee, adabu hufungua njia. Watoto wafundishwe kabla ya safari kusema "Wasuze otya, nnyabo" asubuhi, "Osiibye otya, ssebo" mchana unapokwenda, na "Weebale" wakipewa kitu. Msichana akipiga goti kidogo kwa mwenye nyumba, kama wafanyavyo Waganda, atapewa kipande cha pili cha gonja. Baada ya hapo mazungumzo hurudi kwenye Kiswahili bila shida.

Baada ya Lubiri, moyo wahitaji mapumziko. Hekalu la Kibahai katika kilima cha Kikaaya, lililofunguliwa mwaka 1961, lina majani mapana yaliyokatwa vizuri na ukimya ambao haupatikani kwingine mjini. Au familia iteremke katikati ya mji kuutazama Mnara wa Uhuru uliochongwa na Gregory Maloba, Mkenya, kwa ajili ya mwaka 1962: mtu aliyefungwa kamba mwilini amemwinua mtoto, na mtoto amenyosha mikono juu. Watoto wadogo huuelewa upesi kuliko wakubwa.

Chakula si tatizo. Chapati iliyoviringishwa na mayai, iitwayo rolex, huuzwa kila pembe. Chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe huitwa kikomando, na watoto wa askari hulipenda jina kuliko chakula chenyewe. Wachunge tu vyakula vyao mbele ya korongo wakubwa wenye vipara wakaao juu ya paa na majaa. Ndege hao hawaogopi mtu.

Kwa wenye siku ya tatu, kituo cha wanyama cha Entebbe kiko mwendo wa kilomita 40 hivi, kando ya ziwa. Kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Wavulana wakubwa watataka kusikia habari za usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, Waisraeli walipowachukua mateka wao katika uwanja wa ndege wa pale, na baba yeyote aliyepitia mafunzo atakuwa na maoni marefu kuhusu jambo hilo.

Basi la kurudi lipandwe asubuhi, maana msongamano wa jioni huwatapisha watoto. Wanaoelekea Masaka na Mbarara watapita Mpambire, mahali ambapo mafundi hutundika ngoma zao kando ya barabara, kubwa za karamu na ndogo za kupakatwa. Mtoto atalia apate moja. Ngoma ndogo haina bei kubwa, na ngozi yake ni ya kweli. Baba atakayekubali kuinunua ataanza kujuta kabla ya kufika Lukaya.