Matafi wa Uwanja wa Juba

Nilifika Juba mwaka 2009, miaka minne baada ya mkataba wa amani wa Sudan uliotiwa saini Nairobi. Nilikuja kusimamia upakiaji wa mizigo katika uwanja wa ndege. Siku hizo abiria wanaokuja na wanaoondoka walibanana katika jengo dogo lenye joto la tanuri, na barabara ya ndege ilikuwa moja tu. Kazi yangu ilikuwa nje, juani, na majirani zangu walikuwa wazima moto. Wenyeji, kwa Kiarabu chao cha Juba, waliwaita matafi.

Mkubwa wa zamu yao alikuwa mzee wa Equatoria aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili chake alikiokota huko. Kila alfajiri alipanda juu ya gari, akafungua kifuniko cha tangi, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Akiuona umelowa, alinipungia: "Ndugu yangu, maji imejaa!" Kisha vijana wake walirusha maji kidogo kuelekea kwenye majani kupima msukumo, na chini ya gari pakabaki doa la unyevu lililokauka kabla ya saa mbili.

Mwanzoni niliona ni mazoea tu. Ndipo siku moja nikamuuliza, "Mzee, kwani maji yanakwenda wapi usiku?" Akanikalisha kwenye kivuli cha gari akanipa hesabu. Ndege ya ukubwa wa Boeing 737-800, kwa kanuni za ICAO, inataka magari mawili ya zimamoto na lita 12,100 za maji ya kutengenezea povu la daraja B. Tena gari la kwanza lifike popote kwenye barabara ya ndege na kuanza kumwaga ndani ya dakika tatu, na ikiwezekana mbili. Mafuta ya ndege yakiwaka hayampi mtu muda wa kutafuta maji. "Na hapa Juba," akasema, "Nile unaiona, lakini maji inakuja na lori." Ilikuwa kweli. Mji mkubwa kando ya mto mkubwa, na watu wakinywa kutoka kwenye maboza yaliyojazwa mtoni na kuzungushwa mtaa kwa mtaa. Kuanzia siku ile sikuuliza tena kuhusu ule mkono.

Nilichokiona kwao zaidi ni subira. Mwezi wa pili, joto likikaribia nyuzi 40, walikaa karibu na makoti yao mazito, buti zikiwa zimesimamishwa na suruali ndani yake ili mtu atumbukize miguu na kukimbia. Walisubiri kitu wasichotaka kije. Tarehe 9 Julai 2011, siku ya uhuru wa Sudan Kusini, ndege za marais zilipofuatana kutua na mji mzima ukiimba, wao hawakucheza. Walisimama kando ya magari hadi mgeni wa mwisho akaondoka. Desemba 2013 vita vilipozuka, nilipanda ndege ya kurudi nyumbani nikiwa nimeshika mkoba mmoja, nao niliwaacha palepale.

Nilirudi mwaka uliofuata. Asubuhi ya tarehe 4 Novemba 2015, Antonov An-12 iliyokuwa ikielekea Paloich ilipaa ikaanguka ukingoni mwa Nile, umbali ambao kwa gari kwenye lami ungekuwa wa kufumba na kufumbua. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mtoto mchanga alitolewa hai.

Jioni nilimkuta mzee akikwangua tope la mtoni kwenye buti zake kwa kijiti. Nilimpa pole. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ile dakika tatu inaisha mwisho wa lami. Baada ya hapo ni miguu." Akaendelea kukwangua. Alfajiri iliyofuata alipanda juu ya gari, akazamisha mkono. Hakunipungia, ila tangi lilikuwa limejaa.

Niliondoka Julai 2016, mapigano yaliporudi na safari za ndege zikasimama. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa Oktoba 2018, na watu wana haki ya kulifurahia; waliovumilia mahema yenye sakafu ya mbao yaliyotumika kabla yake wanajua kwa nini. Lakini uwanja wa ndege husifiwa kwa vioo vyake, na siku ambazo hakuna kilichoungua haziandikwi na mtu. Ndizo siku wazee kama yule walizozilinda.

Mwaka 2019 nilipita Juba kwa siku mbili. Nilipoondoka asubuhi nilikaa dirishani. Ndege ilipokuwa ikijongea kwenda kupaa niliyaona magari mekundu yamepangwa, na sikuweza kutambua sura ya mtu. Chini ya gari la kwanza saruji ilikuwa na doa la unyevu. Nikafunga mkanda.