Usiku nyoka anaitwa kamba

Nilipokuwa mdogo, bibi alikuwa hataki kabisa nyoka atajwe baada ya jua kuzama. Ukimtaja, atakuja. Ukimwona uani unatakiwa kusema, "Bibi, nimeona kamba." Na bibi, bila hata kuuliza kamba gani, anachukua panga.

Habari hii imenirudia wiki hii kwa sababu ya dubu. Ndiyo, dubu. Ngoja nieleze.

Sisi dubu hatuna, hata jina lake tumelipata kwa Waarabu. Lakini watu wa Ulaya wameishi naye maelfu ya miaka. Lugha zao nyingi zina asili moja, na wataalamu wakilinganisha maneno wanaona kwamba hapo zamani dubu alikuwa na jina moja. Wagiriki walibaki nalo: arktos. Warumi wakasema ursus, na huko ndiko kulikotoka ours ya Kifaransa na oso ya Kihispania. Hata Aktiki, ile kaskazini kabisa ya dunia, imeitwa hivyo kwa sababu ya nyota za Dubu.

Sasa panda juu kwenye misitu ya kaskazini. Jina lile halipo! Mrusi anasema medved, yaani mla asali. Mwingereza bear, Mjerumani Bär, Mswidi björn. Wataalamu wengi wanasema maana ya kale ya maneno hayo ni "yule wa kahawia", ingawa wapo wanaopinga. Mwaka 1906 Mfaransa Antoine Meillet aliandika maelezo ambayo mpaka leo wengi wanayakubali: watu waliogopa kumtaja dubu, wakampa jina la kupanga. Vizazi vikapita, jina la kweli likasahaulika. Wafini, ambao lugha yao haina undugu na hizo, nao walimwita mesikämmen, kiganja cha asali. Hofu haina kabila.

Mbwa mwitu ndiye kanichekesha zaidi. Waswidi walimwita ulv. Wakaogopa, wakamwita varg, neno lililokuwa la mhalifu aliyefukuzwa na jamii. Siku zikaenda, varg likawa ndilo jina lenyewe, nalo likaanza kuogopwa! Wakatafuta jingine: gråben, miguu ya kijivu. Ndiyo kusema jina la kujificha huwa halifichi milele.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu na mimi nimewahi kumwita nyoka kamba.

Miaka michache iliyopita niliandika habari ya fedha za kisima cha kijiji fulani. Nyaraka ninazo, risiti za kughushi nimeziona kwa macho yangu. Nikaandika "zimeibwa". Mhariri akaniita. "Mdogo wangu, kuibwa ni neno zito. Weka zimepotea." Nikaweka. Habari ikatoka, jina langu juu.

Siku chache baadaye mama mmoja wa kijiji kile akanipigia simu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, umeandika hela zimepotea. Mbona hatujaona mtu anayezitafuta?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Na si mhariri wangu peke yake. Rushwa tunaiita chai, tunaiita kitu kidogo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliruhusu "takrima", neno tamu la ukarimu, kwa ajili ya vitu wanavyogawa wagombea. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006. Miaka sita tuliambiwa ni kamba.

Bibi nisimwonee, lakini. Yeye alisema kamba huku panga liko mkononi, na kila mtu pale nyumbani alijua kuna nyoka. Shida inaanza pale wanaojua maana wanapoondoka na jina la kupanga likabaki peke yake, kama lilivyobaki la dubu. Mjukuu akisikia kamba, ataenda kuiokota.

Basi nimejiwekea ahadi: wizi nitauandika wizi, mchana na usiku. Mhariri akikataa, tutabishana.

Kwenu je, usiku nyoka mnamwitaje? Na mchana?