Kukipata Tulichokwisha Kukiandika

Wengi wetu twaandika sana siku hizi, lakini kukipata tulichokiandika ni shughuli nyingine. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukitunza kumbukumbu zetu katika Emacs, programu ya kuandikia yenye chimbuko la mwaka 1976. Ndani yake twatumia Org, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mwanafalaki wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kinyota kimoja mwanzoni mwa mstari hufanya kichwa kikuu, viwili hufanya kichwa kidogo chini yake. (Vinyota hivyo havikubuniwa na mwanafalaki huyo, Emacs ilikuwa navyo tangu zamani.) Kitufe cha Tab hukunja na kukunjua yaliyo chini ya kichwa, hata faili refu likasomeka kama ukurasa wa yaliyomo.

Ukibonyeza Control na s, utarushwa kutoka neno hadi neno. Yafaa kwa mambo madogo. Lakini ndugu zetu walipotuomba tuwasomee alichosema marehemu shangazi juu ya shamba lake, njia hiyo ilitupa mstari huu: “Shamba lisiuzwe kamwe.” Palikuwa na watu wawili tayari kugombana kwa mstari huo mmoja.

Ndipo tukabonyeza Control na c, kisha mkwaju (/), kisha r, tukaandika neno “shamba”. Kwa njia hii Org hukunja faili lote, ikaacha wazi mistari yenye neno hilo pamoja na vichwa vilivyo juu yake. Juu ya mstari ule palikuwa na kichwa “Maoni ya shemeji”, na juu yake tena, “Kikao cha kwanza”. Hayakuwa maneno ya shangazi hata kidogo. Ya kwake yalikuwa mbele, chini ya kichwa chenye jina lake: shamba liuzwe, watoto walipiwe ada. Chumba kilinyamaza.

Anayetaka kuruka kutoka tokeo moja hadi jingine, abonyeze Alt na g, kisha n. Sisi utafutaji huo tumeuwekea kitufe cha F6, kwa mstari mmoja tu katika faili la mipangilio. Vitufe vya F5 hadi F9 Emacs imewaachia watumiaji wavipange wapendavyo, nasi vidole vyetu ni vizito.