Kaka, usiliingize trela baharini likiwa la moto

Leo sina stori za wodini. Nina ujumbe kwa kaka yangu, na kwa yeyote atakayemsaidia kuvuta ile boti tuliyoichangia pesa ukoo mzima.

Kaka, boti inakuja na trela lake. Nakujua, utakagua mashine siku nzima, magurudumu hutayatazama. Hapa London nina jirani, mzee mstaafu, huvuta boti yake mpaka baharini Southend. Jumamosi nilimshikia tochi akifungua gurudumu. Ndani ya habu kuna beringi mbili, na nyuma yake sili ya mpira. Uhai wao ni grisi.

Sasa sikia. Kutoka Dar mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 60, habu zitapata moto. Ukifika tu ukalitumbukiza trela majini, hewa ya ndani inapoa ghafla na kunywea, inavuta maji ya chumvi kupitia kwenye sili. Grisi inakuwa nyeupe kama maziwa, beringi zinashika kutu. Safari nyingine zinasagika, na gurudumu linaweza kuchomoka barabarani. Jamani, mimi nimehudumia majeruhi wa ajali. Sitaki kusikia mtoto wa mtu kagongwa na tairi letu.

Basi fanya hivi:

1. Njiani simama, sogeza mkono kwenye habu kama unavyopima homa. Vuguvugu sawa, ikiunguza, usiendelee.
2. Ukifika, subiri ipoe. Kama boti inaweza kuelea bila kuzamisha habu, bora zaidi.
3. Ukitoka baharini, osha kwa maji ya bomba.
4. Piga jeki, zungusha tairi, kisha litikise juu na chini. Likikoroma au kucheza, mwite fundi.
5. Angalau mara moja kwa mwaka fungua, safisha beringi kwa mafuta ya taa, kausha, ushindilie grisi mpya isiyotolewa na maji. Usichanganye grisi mbili tofauti. Sili weka mpya.

Kopo la grisi na sili nimeviweka ndani ya boti, chini ya kiti. Asije mtu akavigawa!

Haya, zamu ya usiku inaniita. Msalimieni mama, mwambieni nakula vizuri.