Naye Alibeba Boksi

Ninaandika haya saa moja asubuhi, ndiyo kwanza nimerudi kazini na mikono bado inanuka makaratasi. Ninafanya zamu ya usiku katika duka moja kubwa hapa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Kazi yenyewe ni ile ambayo washkaji wa Dar huiita kubeba boksi: unashusha mzigo, unachana maboksi, unapanga makopo kwenye rafu mpaka kunakucha. Nilipokuwa Magomeni nilidhani ni msemo tu. Kumbe maboksi yapo, tena mazito!

Nyumbani tuko watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 16. Huyu bwana mdogo ameingiwa na futiboli ya Kimarekani. Si kabumbu letu hili. Ni ule mchezo wa helmeti na magamba ya plastiki mabegani, mpira umechongoka ncha zote mbili, na watu wanavamiana kama mafahali. Yeye anataka kuwa kwotabeki, yaani yule anayepewa mpira kila shambulio linapoanza, naye huwa na sekunde chache tu za kuamua amrushie nani. Kwa sasa ni wa akiba katika timu ya pili ya shule yake. Lakini ukimsikia anavyoongea, utadhani NFL wanamsubiri mlangoni.

Oktoba ripoti ya shule ikaja. Hisabati, F. Mama hakufoka. Alinivuta jikoni akaniambia taratibu, "Mwanangu, mkubwa ni wewe. Mwambie mwenzio auache huo mpira kabla mpira haujamwacha yeye."

Nikamwambia, tena kwa ukali. Akanitazama, akasema, "Sawa, Dada. Na wewe hadithi zako zimekulipa nini? Si unabeba boksi tu?"

Yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Nina madaftari manne chini ya kitanda. Hadithi tatu nilizipeleka kwa wahariri. Mbili zilirudi na maneno ya adabu, ya tatu haikurudi wala haikujibiwa. Tangu Januari nilikuwa sijaandika hata mstari.

Usiku ule kazini nilikuwa kimya. Mzee mmoja tunayefanya naye zamu akaniuliza kulikoni, nikamsimulia. Akacheka. "Hujui kwamba hata Kurt Warner alipanga makopo?" Kumbe hapa Iowa kisa hiki kila mtu anacho. Mimi tu nilikuwa mgeni.

Warner alisoma hapa hapa mjini kwetu, katika sekondari ya Regis, akamaliza mwaka 1989. Vyuo vikubwa havikumgombania. Akaenda Chuo Kikuu cha Northern Iowa, mji wa Cedar Falls, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa, na huko alikaa benchi mpaka mwaka wake wa mwisho, 1993. Kila mwaka timu za NFL hukutana na kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1994 walichaguliwa zaidi ya 200. Jina lake halikutajwa. Timu ya Green Bay Packers ikamwita kambini kumjaribu, ikamwacha kabla ligi haijaanza.

Basi akarudi Cedar Falls, akaajiriwa katika duka la Hy-Vee kupanga bidhaa usiku kwa dola 5.50 kwa saa. Kwotabeki mzima! Mwaka 1995 akapata timu ya Iowa Barnstormers ya Des Moines, katika futiboli ya ndani ya ukumbi, ambako uwanja una yadi 50 badala ya 100. Huko alicheza misimu mitatu. Mwaka 1998 akapelekwa Uholanzi, timu ya Amsterdam Admirals. Aliporudi, St. Louis Rams wakamweka kwotabeki wa tatu, mtu wa kushika taulo.

Agosti 1999, katika mechi ya maandalizi, kwotabeki wa kwanza wa Rams, Trent Green, akaumizwa goti, msimu wake ukaishia pale. Wahenga walisema kufa kufaana. Warner akaingia, umri miaka 28, miaka kumi tangu atoke sekondari. Msimu ule alitoa pasi 41 za bao, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Tarehe 30 Januari 2000 Rams walitwaa Super Bowl kwa kuwafunga Tennessee Titans 23 kwa 16. Mwaka 2017 akaingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo.

Kisa kitamu, sivyo? Nami nilikibeba kama zawadi mpaka nyumbani. Lakini njiani, ndani ya basi, likanijia swali: na goti la Green lisingeumia? Je, wale wengine waliopanga makopo usiku na hawakuitwa, nani anawasimulia? Sikutaka kumdanganya mdogo wangu kwa kisa kimoja. Tulipokutana kwenye chai nilimpa vyote viwili, kisa na hesabu. Katika kila wachezaji 100 wa sekondari nchini hapa, kama 7 tu ndio wanaofika kucheza vyuoni. Na katika kila 100 wanaomaliza vyuoni, hata wawili hawafiki NFL.

Akanyamaza. Nikaendelea. NFL haimchukui mtu mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari, kwa hiyo njia inapita chuoni. Na vyuo vya daraja la kwanza havimruhusu mwanafunzi kucheza mwaka wa kwanza kama hana masomo 16 ya msingi yaliyofaulu vizuri, na ndani yake hisabati ya miaka mitatu. "Sikukatazi mpira," nikamwambia. "Nakuonyesha mlango wake. Mlango wa kwanza ni ile F yako."

"Na wewe je?" akauliza. Hakuwa na kejeli safari hii.

Sikuwa na jibu la mdomo. Nilikwenda kuvuta daftari chini ya kitanda.

Tangu siku ile, Jumapili jioni tunakaa meza moja: yeye na aljebra, mimi na kalamu. Mama akipita hutuongezea chai, hasemi neno. Wiki iliyopita mwenzangu amepata C. Benchi bado anakaa, na huenda atalikaa mpaka amalize shule. Mimi sijui kama nitakuwa mwandishi. Nilichojifunza kwa Warner si kwamba kila anayesubiri huitwa, la hasha. Ni kwamba goti la Green lilimpa nafasi tu, kurusha mpira alikuwa anakujua tayari. Angeacha mazoezi miaka ile ya makopo, nafasi ingemkuta mikono mitupu.

Haya ndiyo maandishi yangu ya kwanza tangu Januari. Mhariri akiyarudisha, sawa tu. Usiku nina maboksi, Jumapili nina daftari.